Usukani wa umeme ukigoma: kabla ya kununua kontroli boksi nyingine

KATIKA nyumba nyingi gari dogo la Kijapani si anasa. Ndilo linalowapeleka watoto shule saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ndilo linalobeba mchele na gesi mwisho wa mwezi, na usiku wa manane ndilo ambulansi ya majirani wote. Kwa hiyo siku usukani wake unapogeuka mzito kama wa trekta, shida hiyo haibaki kati ya baba na fundi. Inaingia kwenye pesa ya matumizi, kwenye ada ya muhula, na kwenye mazungumzo ya chumbani taa zikishazimwa.

Mambo huanza hivi. Gari linawashwa, na ile taa ya njano yenye herufi P/S kwenye dashibodi, ambayo kila siku huwaka sekunde chache na kuzimika, leo imeganda. Au gari limetoka nyumbani salama, likifika kona ya sokoni usukani unakaza ghafla na mwendeshaji anaupigania kwa mikono miwili. Akizima gari na kuliwasha upya, unarudi kuwa laini. Siku mbili tatu zinapita kwa amani, kisha mchezo unaanza tena. Fundi wa jirani anafungua boneti, anatafuta kikopo cha oili ya pawa, hakioni, anatikisa kichwa.

"Mama, hii kontroli boksi imekufa. Tafuta nyingine."

Pengine ni kweli. Mara nyingi si kweli. Na kosa hapo linagharimu laki kadhaa za shilingi, maana boksi ikishanunuliwa na tatizo likabaki palepale, muuza spea hairudishi. "Kifaa cha umeme hakirudi," anasema, na kibao kimeandikwa hivyo ukutani.

KIKOPO CHA OILI KIMEKWENDA WAPI

Magari ya miaka ya 1990 yaliyojaa barabarani wakati wake, kama Carina na Corolla za zamani, yalilainishiwa usukani kwa oili. Pampu inazungushwa na mkanda wa injini, inasukuma oili, oili inasaidia kugeuza tairi. Ni mfumo mgumu kufa, ila una ulafi: pampu inazunguka muda wote injini inapowaka, hata gari likiwa linakwenda moja kwa moja bila kona. Kwa injini kubwa hilo si kitu. Kwa injini ndogo ya cc 660 au 1000, ni mzigo unaosikika.

Wajapani ndio waliotafuta njia nyingine. Mwaka 1988 kampuni ya Suzuki ilitoa Cervo, kigari kidogo kilichokuwa cha kwanza kuuzwa kikiwa na usukani unaosaidiwa na mota ya umeme. Mota haili chochote gari likiwa limenyooka. Inaamka pale tu dereva anapokata kona. Wazo hilo likasambaa, na leo Vitz, IST, Passo, hata Rav4 za umbo lililoanza mwishoni mwa 2005, zote zinatumia umeme. Fundi aliyejifunzia kazi kwenye Carina anapokosa pampu chini ya boneti, si kosa lake kushangaa, ila si yeye wa kuhukumu kontroli boksi.

Katika magari hayo madogo vifaa vyote viko ndani, chini ya dashibodi. Kwenye nguzo ya usukani kuna kipande chembamba cha chuma kinachojipinda kidogo sana dereva anapogeuza. Sensa inapima kujipinda huko na kupeleka habari kwenye kontroli boksi: dereva anavuta kulia, anavuta kwa nguvu kiasi hiki. Boksi inapokea pia habari ya mwendo wa gari, na habari kwamba injini inawaka. Ikishaziweka pamoja inaamua mota ipewe umeme kiasi gani. Gari likiwa linaegeshwa, mota inapewa mwingi, makumi ya ampea. Likiwa kasi ya 100 barabara kuu, inapewa kidogo tu, ili usukani uwe mzito wa kutosha na gari lisiyumbe kwa kila mtikisiko wa mkono.

Boksi hiyo ina tabia moja ambayo watu wengi huielewa kinyume. Ikipata habari isiyoeleweka, au umeme usiotosha, inajitoa kazini. Inawasha taa, inaacha kusaidia, na kumwachia dereva kila kitu. Imetengenezwa hivyo makusudi, kwa sababu mota inayosukuma kwa habari ya uongo ni hatari kuliko mota iliyolala. Usukani haujakatika. Chuma kutoka mikononi hadi kwenye tairi bado kimeungana, na gari litageuka kwa mtu atakayetumia nguvu. Likitokea njiani, kinachotakiwa ni mikono miwili, kupunguza mwendo, kuwasha taa za dharura na kutafuta pembeni. Asizime gari likiwa linatembea ili "kulirestisha", kama wengine wanavyofundishana. Injini ikizimika breki nazo zinakuwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache, na ufunguo ukichomolewa usukani unaweza kujifunga kabisa.

UZITO HUO NI WA NANI

Wakati mwingine ni baba anayepokea taarifa. Anachukua ufunguo jioni, anazunguka mtaa mara moja, anarudi. "Mbona kawaida tu. Utazoea." Baba wengi hupima uzito wa usukani kwa mikono yao wenyewe. Yeye ana kilo 85 na mabega ya kubeba magunia; anayeliendesha gari hilo kila asubuhi ni mkewe mwenye mimba ya miezi saba, au mama mkwe mwenye bega linalouma, na nyuma kuna watoto watatu wanaogombania dirisha.

Usukani uliopoteza msaada unakuwa mzito zaidi pale gari linapokwenda polepole, yaani pale pale familia inapoishi: getini, kwenye maegesho ya shule, kwenye kona ya uchochoro wenye bodaboda na watoto wanaokimbilia mpira. Mwaka 2010 kampuni ya General Motors huko Marekani iliita karakana magari madogo yapatayo milioni 1.3, mengi yakiwa Chevrolet Cobalt, kwa tatizo la mota ya usukani wa umeme. Maelezo yake yalikuwa hayo hayo: gari linaongozeka, ila linahitaji nguvu zaidi kwenye mwendo mdogo. Mwaka 2014 ikaita mengine zaidi ya milioni moja. Kampuni kubwa haiiti magari milioni moja kwa kitu ambacho mtu "atazoea".

Kuna pia wazee. Mzee aliyestaafu, mwenye kigari chake cha kwenda msikitini au kanisani na kliniki, hasemi. Anajua akisema usukani umekuwa mzito watoto watamwambia aache kuendesha. Anakaza meno wiki hata sita, bega linavimba, na siku moja anagonga ukuta wa jirani kwa sababu hakuwahi kukata kona. Kijana anayemtembelea baba yake mwisho wa juma akiliendesha gari hilo dakika kumi tu atakuwa amemfanyia kipimo asichokiomba.

Anayeendesha kila siku ndiye awe na kauli ya mwisho kama gari liendelee kutembea au lisimame. Mwenye pesa ana kauli juu ya lini litengenezwe. Yakichanganywa hayo mawili, gari bovu linatembea mwezi mzima.

KWANZA BETRI

Chanzo cha kawaida kabisa cha taa hiyo ni umeme hafifu. Mota inakula umeme mwingi kwa mara moja, na betri iliyochoka au alteneta isiyochaji vizuri inaangusha volti wakati gari linageuzwa likiwa limesimama. Boksi inaona umeme umeshuka, inajitoa. Ndiyo maana magari mengi husumbua asubuhi, au mvua inaponyesha na wiper, taa na kiyoyozi vikawashwa kwa pamoja. Kupima betri na alteneta ni kazi ya dakika kumi kwa fundi umeme, na bei yake haifiki hata robo ya kontroli boksi ya mtumba.

Halafu waya wa ethi, ule unaoshikilia betri kwenye bodi ya gari. Ukiota kutu au ukilegea, kila kitu kinaonekana kibovu. Halafu fyuzi kubwa ya usukani, na soketi zenyewe za boksi. Kwa gari lililowahi kusimama kwenye maji ya masika, soketi ndiyo ya kuangaliwa mapema kuliko zote. Maji yakiingia ndani hukauka, lakini uchafu na chumvi yake hubaki kwenye pini na kuota ukijani polepole. Gari linaweza kukaa miezi mitatu likiwa zima na kuanza kusumbua wakati familia imeshasahau siku ile ya mafuriko. Kapeti likiinuliwa upande wa miguu ya abiria, harufu peke yake inatoa jibu.

Taa isipowaka kabisa na usukani bado mzito, hapo boksi isiguswe. Tairi za mbele zimepungua upepo, au bolijointi zimekauka, au kuna joto. Joto nalo halijulikani sana. Dereva anayejifunza kuegesha, anayegeuza usukani hadi mwisho kulia, mwisho kushoto, mara ishirini gari likiwa limesimama, huichemsha mota. Boksi inapunguza msaada kidogo kidogo ili isiungue. Gari likipumzishwa kama dakika 10 bila kugeuzwageuzwa, ulaini unarudi wenyewe. Magari mangapi ya kufundishia yamebadilishwa kontroli boksi kwa sababu hiyo, Mungu ndiye anayejua.

Baada ya hayo ndipo mashine ya kupimia iletwe. Hapa pana mtego. Kile kifaa kidogo cha bei poa kinachounganishwa na simu husoma habari za injini, na kwa magari mengi hakifiki kwenye usukani. Kikisema "hakuna hitilafu" kimesema kuhusu injini. Inatakiwa mashine inayoingia kwenye mfumo wa usukani wenyewe, na namba zake huanza na herufi C. Kwa Toyota nyingi ndogo, namba za kuanzia C1511 hadi C1514 zinalaumu sensa iliyoko kwenye nguzo. C1541 inalaumu habari ya mwendo wa gari. C1551 na C1552 zinalalamikia umeme unaoingia. Na C1531 hadi C1533 ndizo zinazoilaumu kontroli boksi yenyewe. Mama aliyeandikiwa namba hizo kwenye karatasi anaweza kwenda gereji nyingine na kuuliza bila kuzungushwa. Fundi asiyetaka kuziandika anajieleza mwenyewe.

Ikiwa lawama iko kwa sensa, kununua boksi ni kutupa pesa. Kwa Toyota nyingi ndogo sensa haiuzwi peke yake, huja na nguzo yake nzima, na hiyo ni hesabu nyingine.

MAANA TATU ZA NENO MOJA

Tuseme namba zimeilaumu boksi kweli. Sasa gereji itaanza kuzungumza habari ya "kuapgredi", na neno hilo hubeba vitu vitatu visivyofanana.

Cha kwanza ni toleo jipya la mtengenezaji. Kampuni zikigundua udhaifu hurekebisha kifaa na kukipa namba mpya. Kwa Toyota namba ya spea ina tarakimu kumi, na tano za mwanzo zinataja aina ya kifaa: 89650 ni kompyuta ya usukani. Tano za mwisho zinataja gari na toleo, na ndizo zenye maana. Duka linalojua kazi litaangalia kwenye kompyuta kama namba ya zamani imepewa mrithi, na mrithi huyo ndiye uboreshaji halali.

Wakati mwingine uboreshaji hauna hata kipande cha chuma. Mwaka 2014 kampuni ya Ford iliita Escape na Mercury Mariner za 2008 hadi 2011 zipatazo 915,000 Amerika Kaskazini, kwa sababu msaada wa usukani ulikuwa unakatika. Karakana zilianza kwa kusoma namba za hitilafu. Gari lisilo na namba lilipewa programu mpya kwenye kontroli boksi ile ile. Lililokuwa na namba ndilo lililobadilishiwa kifaa. Kwa gari lililonunuliwa mnada wa Japani na kufika hapa likiwa na umri wa miaka kumi na zaidi, hakuna atakayempigia simu mmiliki kumwambia gari lake liliitwa. Lakini Toyota ina ukurasa wa Kijapani kwenye intaneti ambapo namba ya chesisi ikiingizwa inaonyesha kama kuna wito ambao haukushughulikiwa. Simu yenye programu ya kutafsiri inatosha, na mtoto wa kidato cha pili ataifanya kazi hiyo haraka kuliko baba yake.

Maana ya pili, iliyozoeleka zaidi, ni boksi ya mtumba kutoka kwenye gari lililokatwa. Haina ubaya ikiwa inalingana. Kulingana maana yake ni namba zote, hadi tarakimu ya mwisho. Ndani ya boksi kumehifadhiwa ramani ya msaada: kwa mwendo huu na nguvu hii ya mkono, mota isukume hivi. Ramani hiyo imepangwa kwa uzito wa gari fulani na upana wa tairi zake. Boksi ya gari jepesi la cc 1000 inaweza kuingia kwenye soketi za gari la cc 1500 bila ubishi, taa ikazimika, fundi akapokea pesa, na usukani ukabaki wa ajabu: mwepesi mno kwenye kasi au mzito wakati wa kuegesha. Kwa hiyo kabla ya kwenda Gerezani au Ilala, boksi ya zamani ifunguliwe kwanza, na karatasi yake ya namba ipigwe picha. Maneno ya "hii inaingia kwenye Vitz zote" yajibiwe kwa picha hiyo.

Maana ya tatu ndiyo ya kukataa. Kuna wanaotaka usukani uwe laini kupita ulivyotoka kiwandani, wageuze kwa kidole kimoja. Ulaya wenye magari ya kale huchukua nguzo ya usukani ya Opel Corsa, yenye mota yake, wakaifunga kwenye gari la miaka ya 1960 na kuweka kiboksi chenye kitufe cha kuzungusha. Kitufe kinaidanganya kompyuta kuhusu mwendo, na dereva anajichagulia ulaini. Kwa gari la kutembezwa Jumapili na mtu mzima aliyelijenga mwenyewe, ni burudani yake. Kwa gari la familia litakalokwenda Morogoro na mabasi yakilipita, usukani laini kwenye kasi ya 100 ni mwaliko wa kuvuka mstari wa katikati kwa kupiga chafya. Na wanaochomoa fyuzi ili taa isiwasumbue wamefanya ubaya ule ule kwa upande wa pili.

SIFURI ISIYOWEKWA

Kazi nyingi huharibikia hapa, hata boksi ikiwa sahihi.

Boksi ngeni haijui katikati ya usukani ni wapi. Inabidi ifundishwe kwamba hali hii, tairi zikiwa zimenyooka na hakuna mkono juu ya usukani, ndiyo sifuri. Zoezi hilo hufanywa kwa mashine, gari likiwa limesimama, na mtu akiegemea usukani wakati huo anaiharibu. Lisipofanyika kabisa, Toyota huandika C1515, na likifanyika vibaya huandika C1516, taa inabaki inawaka, na mwenye gari anaambiwa boksi aliyonunua ni mbovu pia. Familia inanunua boksi ya pili. Wakati dawa ilikuwa dakika chache za mashine. Hatari zaidi ni sifuri iliyowekwa pembeni kidogo: taa imezimika, kila mtu ana furaha, lakini usukani ni mwepesi kushoto na mzito kulia, na gari linajivuta lenyewe. Baadhi ya magari mapya zaidi huhitaji pia kuandikiwa ile ramani ya msaada. Namba C1581 ndiyo inayodai hivyo.

Swali la kumuuliza fundi kabla hajashika spana, basi, ni moja: "Fundi, sifuri utaweka kwa mashine gani?" Mwenye jibu atajibu kwa jina la mashine. Asiye nalo atasema "itajiseti yenyewe ukitembea".

Jambo lingine la usalama. Kwenye usukani kuna airbag, na kazi yoyote ya nguzo hufanyika karibu nayo. Toyota huelekeza waya hasi wa betri utolewe kisha mtu asubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa. Chini ya usukani kuna pia utepe wa nyaya uliokunjwa kama saa ya zamani, unaopeleka umeme kwenye airbag na honi. Nguzo ikishushwa na usukani ukaachwa uzunguke ovyo, utepe huo unakatika, na mwenye gari anaondoka na usukani laini, honi iliyokufa na taa mpya ya airbag. Tairi zinyooshwe na usukani ufungwe usizunguke kabla nguzo haijafunguliwa. Mtoto asikae kwenye kiti cha dereva "kumsaidia" fundi.

KABLA YA KULIPA

Pesa isitoke mfukoni gari likiwa bado juu ya mawe. Anayeliendesha kila siku aketi mwenyewe. Ageuze kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, asikilize kama uzito ni sawa pande zote. Aingie barabarani, akate kona taratibu na kulegeza mikono aone kama usukani unarudi wenyewe katikati. Kisha barabara iliyonyooka, mwendo wa 60 au 80 mahali panaporuhusiwa, aone kama gari linatulia. Arudi, alizime, aliwashe, aone taa ya P/S inawaka na kuzimika. Isipowaka kabisa wakati wa kuwasha, kuna mtu amechomoa balbu yake, na hilo hutokea.

Itakuwaje kama pesa haipo hadi mwisho wa mwezi? Hapo ndipo mazungumzo ya chumbani huwa marefu. Gari lenye taa inayowaka na kuzimika si la kubebea watoto, hata kama leo lilikuwa laini, kwa sababu linalotisha ni ule ughafla katikati ya kona. Nauli ya daladala ya wiki tatu kwa mama na watoto watatu inahesabika. Iandikwe, iwekwe pembeni mwa bei ya boksi, na mara nyingi itaonekana kuwa ndogo kuliko ilivyofikiriwa. Baba akitaka kulipeleka kazini peke yake asubuhi, polepole, hilo ni lake na mikono yake.

Kontroli boksi ya zamani isiachwe gereji. Nyingi hazijafa moyo. Ndani kuna relei iliyoungua midomo, au viungo vya risasi vilivyopasuka kwa joto na mitikisiko ya barabara za vumbi, na fundi wa redio mwenye mkono mwepesi anaweza kuvichoma upya kwa bei ya chakula cha mchana. Anayeipeleka huko aandike tarehe na namba ya gari juu yake kwa kalamu isiyofutika, kwa sababu boksi zinazoingia mezani kwa fundi huyo zinafanana zote.